Wanachuo Safarini: Maonyesho ya Makerere na Swali la Lugha

Mwanafunzi wa ISP mjini Bukavu hufundishwa kwa Kifaransa. Akienda Kadutu sokoni husema Kiswahili, na nyumbani aghalabu husema Mashi. Kwa hiyo kikundi cha wanachuo kinapotaka kuonyesha mchezo, swali la kwanza halihusu jukwaa wala mavazi, bali lugha. Maana anayechagua lugha ya mchezo amekwisha kuwachagua watazamaji wake. Swali hilo si geni katika Afrika ya Mashariki. Liliwakabili wanafunzi wa Makerere katika miaka ya 1960, na jibu lao linastahili kuelezwa hapa, pamoja na pengo lililobaki ndani yake.

Makerere ilianzishwa mwaka 1922, na tangu 1963 hadi 1970 ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Uigizaji wa wanafunzi ulikuwako hata kabla ya muungano huo, lakini ulikuwa ni uigizaji wa mashindano kati ya mabweni, nao ulifanywa kwa Kiingereza. Humo ndimo alimoanzia Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeitwa wakati ule James Ngugi. Mchezo wake mfupi The Wound in the Heart ulinyimwa nafasi katika Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Kampala, kwa kuwa ulimwonyesha ofisa Mwingereza akitenda uovu ambao, kwa maoni ya wakubwa, ofisa Mwingereza hawezi kuutenda. Mnamo Novemba 1962, Uganda ikiwa imetoka tu kupata uhuru, wanafunzi waliigiza The Black Hermit katika jumba lilo hilo. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, waliouelewa mchezo ni wale waliokwisha kupita shuleni, wakajua Kiingereza na kuzoea kuketi mbele ya pazia. Mkulima aliyekuja Kampala kuuza ndizi zake hakuwa miongoni mwao.

Mwaka 1965 ndipo kilipoundwa kikundi kilichojulikana kwa jina la Makerere Free Travelling Theatre, yaani maonyesho ya kusafiri yasiyotozwa kiingilio. Aliyekuwa mbele katika kukianzisha ni David Cook, mwalimu wa Idara ya Kiingereza, ila waigizaji walikuwa wanafunzi, nao walitumia likizo zao kuzunguka Uganda na Kenya. Neno "bila kiingilio" lisipuuzwe. Panapokosekana mlango wa kulipia, hakuna awezaye kuwachuja watazamaji: huja mtoto, huja bibi mwenye kikapu, huja mlevi, na kila mmoja ana ruhusa ya kucheka pasipotarajiwa au kujiondokea katikati ya onyesho. Mchezo unaochezwa mbele ya watu wa namna hiyo sharti uwe mfupi na uwe wazi, na zaidi ya yote sharti usikike.

Kusikika huko ndiko kulikowatoa wanachuo katika Kiingereza. Walichukua safarini michezo ya Kiingereza, ya Kiganda, ya Kinyoro-Kitooro na ya Kiswahili. Kiswahili hakikuwa chaguo jepesi katika Uganda ya wakati ule. Tangu 1929 Kabaka Daudi Chwa alikuwa amepinga hadharani kukifanya kuwa lugha rasmi ya wenyeji wa Buganda, na wengi walikizoea kama lugha ya askari wa jeshi na polisi. (Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, sifa hiyo haikupungua, pengine ilizidi.) Hapana budi kukiri, basi, kwamba kumsikia mwanafunzi wa chuo kikuu akitumia Kiswahili kuchekesha na kuhuzunisha, badala ya kuamrisha, kulikuwa jambo la maana hata kabla ya kisa chenyewe kuanza.

Pengo liko katika maandishi. Mwaka 1968 Cook na Miles Lee walichapisha mkusanyo wa michezo mifupi ya Afrika Mashariki, na kichwa chake chenyewe, Short East African Plays in English, chatangaza mpaka wake. Humo mna kazi nzuri, mathalani The Trick ya Erisa Kironde, iliyouhamisha mchezo wa Mwairishi J. M. Synge na kuuweka katika mazingira ya Uganda. Maneno ya Kiswahili yaliyosemwa mbele ya wanakijiji hayamo. Lugha iliyowafikia watu wengi ndiyo iliyoachwa nje ya kitabu, na msomaji wa leo ataudhani ulimwengu ule kuwa wa Kiingereza kitupu.

Mbegu haikupotea: John Ruganda, aliyepitia Makerere, alianzisha kikundi kama hicho katika Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1970, na Rose Mbowa, mwigizaji wa safari zile, aliongoza baadaye ufundishaji wa maonyesho huko huko Makerere. Dar es Salaam ilifuata njia nyingine. Idara ya sanaa za maonyesho ilianza mwaka 1967, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1969; mwandishi mwenyewe aliitafsiri kwa Kiingereza baadaye. Huko Kiswahili kilitangulia, na ndiyo sababu mchezo huo wasomwa hadi leo.

Kwa Kongo ya mashariki kuna ugumu wa ziada, nao ni aina ya Kiswahili. Mchezo ulioandikwa kwa Kiswahili sanifu, ukisemwa Bagira au Kadutu, huenda ukasikika kama mahubiri. Mfano ulio karibu zaidi watoka Lubumbashi, ingawa si wa wanafunzi. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza waigizaji wa kundi la Mufwankolo maana ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima. Walimjibu kwa kutunga mchezo mzima bila kuandika neno, wakaujaribu siku kadhaa, kisha wakauonyesha katika kijiji cha Kawama. Fabian alirekodi majaribio pamoja na onyesho, na katika kitabu chake cha 1990 mazungumzo yamechapishwa kwa Kiswahili kile kile walichokisema, pamoja na Kifaransa kilichochanganyika nacho.