Mtoto anapojijeruhi, weka kiboko kando umsikilize

Mwezi mmoja wa Februari, jua likiwa kali, mama mmoja alimleta bintiye wa miaka 15 katika kliniki yangu. Msichana huyo alikuwa amevaa sweta nzito ya shule na hakutaka kuivua. Mama alilalamika kwamba mtoto hali vizuri, amekuwa mkali nyumbani na alama zake zimeshuka.

Nilipotaka kumpima shinikizo la damu, msichana alisita. Alipokunja mkono wa sweta, tuliona makovu mengi, mengine yakiwa bado mabichi. Mama alishtuka, kisha akafoka: "Daktari, huyu anataka kiboko!"

Nilimwomba mama atusubiri nje kwa dakika chache. Nilipomuuliza msichana kwa upole, alinijibu akitazama chini: "Nikifanya hivyo, moyo unatulia kidogo."

Wazazi wengi huyaweka makosa yote ya vijana katika kapu moja. Barubaru anayening'inia kwenye mlango wa matatu na msichana anayejijeruhi chumbani huambiwa wote kuwa ni watundu. Lakini matatizo yao ni tofauti, na dawa zao pia ni tofauti.

Hebu tuanze na huyo wa matatu. Mtu anapobaleghe, sehemu za ubongo zinazotafuta raha na msisimko huchangamka mapema. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hupima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Ndiyo sababu kijana anaweza kujua hatari vizuri sana na bado akaifanya.

Tena, marafiki huongeza moto. Mnamo 2005, watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, walichapisha uchunguzi wa watu 306. Baadhi yao walicheza mchezo wa kuendesha gari katika kompyuta wakiwa peke yao, na wengine wakitazamwa na wenzao. Vijana waliotazamwa na wenzao walithubutu hatari zaidi. Watu wazima wa miaka 24 na zaidi hawakuathiriwa sana.

Kwa hivyo, kumhubiria kijana kwamba matatu inaweza kumuua hakutoshi, kwani analijua hilo. Afadhali umjue anayesafiri naye, mkubaliane saa ya kurudi nyumbani, na umtafutie mahali pa kupata msisimko usio na madhara makubwa, kama vile uwanja wa michezo.

Sasa tumrudie msichana wetu. Yeye hakuwa akitafuta makofi ya wenzake. Alijificha. Vijana wengi wanaojijeruhi huwa wamelemewa na huzuni, hasira, aibu au hofu ambayo hawana maneno ya kuieleza. Maumivu ya mwili huwapa nafuu ya muda mfupi, kisha uchungu wa moyo hurudi, mara nyingi ukiwa umeongezewa aibu. Hivyo ndivyo jambo hilo linavyogeuka kuwa mazoea.

Si kila anayejijeruhi anataka kufa. Hata hivyo, aliyewahi kujijeruhi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujiua baadaye kuliko wenzake. Kulingana na Shirika la Afya Duniani, mwaka wa 2021 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo duniani miongoni mwa watu wa miaka 15 hadi 29. Kwa hivyo usiseme, "Anataka tu kuonekana." Na hata kama anataka kuonekana, basi mtazame!

Dalili ni zipi? Mavazi ya mikono mirefu wakati wa joto, majeraha yasiyo na maelezo, kujifungia chumbani, kuacha marafiki, kukosa usingizi na kusema kwamba yeye ni mzigo kwa wengine. Mwangalie pia kijana ambaye ulevi au mwendo wake wa kasi kwenye pikipiki hauna tena furaha ndani yake, na ambaye hajali kama ataiona kesho.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na wazazi wengi huitumia methali hiyo kuhalalisha kiboko. Lakini kumchapa mtoto anayejijeruhi ni kumwongezea maumivu aliyokuwa akiyakimbia. Atajifunza kujificha vizuri zaidi.

Fanya hivi. Kwanza, tulia na uoshe jeraha. Likiwa kubwa, nenda hospitali mara moja. Pili, zungumza naye faraghani: "Mwanangu, nimeuona mkono wako. Sikukasirikii. Ni nini kinachokuumiza?" Kisha nyamaza usikilize. Tatu, muulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtoto wazo hilo kichwani. Wengi hupata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Akikubali, usimwache peke yake, na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Nne, fungia dawa na sumu zote za nyumbani kwa kufuli.

Zamani familia nyingi ziliogopa hospitali kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hofu ya polisi isikuzuie kumwokoa mtoto wako. Waweza pia kupiga simu bila malipo kwa nambari 116 ya Childline Kenya.

Je, msichana wetu? Ilibainika kwamba baba yake alikuwa amepoteza kazi, na kila usiku alisikia wazazi wakigombana kuhusu karo yake. Aliamini yeye ndiye chanzo. Nilimtuma kwa mshauri, na wazazi wake nao walihudhuria. Miezi michache baadaye alijijeruhi tena. Lakini safari hiyo hakuvaa sweta. Alikwenda jikoni akamwambia mama yake, na mama akazima jiko, wakaketi.

Nawe, msomaji, mwanao akija jikoni leo, je, utazima jiko?