Baiskeli ya Mbio Haichaguliwi kwa Rangi

Miezi minane nzima niliendesha baiskeli isiyokuwa yangu. Simaanishi ilikuwa ya wizi, la hasha. Niliilipia shilingi 22,000 za jasho langu, nikaisukuma mpaka ndani ya feri huku nikijiona mfalme wa Likoni. Ilikuwa ya aluminiamu, nyekundu ya kung'ara, nyaya zote zimepita ndani ya fremu, na watoto wa mtaani kwetu walikuwa wakiifuata mbio. Lakini mwili wangu na chombo kile havikuwa vimeumbiwa kuonana. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilianza kufa ganzi, shingo ikakaza, na ikafika siku nilikuwa nikishuka kazini Changamwe nikitembea kama mzee wa miaka themanini.

Naandika haya kwa sababu tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali mwezi wa Septemba 2025, mara ya kwanza kuletwa Afrika, vijana wetu wa ng'ambo wameingiwa na hamu. Kila wiki mtu ananiuliza: resa nzuri naipata wapi? Mimi namjibu kwa swali: umejipima? Ananitazama kama niliyemwuliza jina la bibi yake.

Hebu tuanze na hapo. Vaa suruali nyembamba au kaptura, simama bila viatu, mgongo ukutani. Chukua kitabu cha jalada gumu, kiweke katikati ya miguu, kipandishe hadi kiguse msamba kama unavyokalia kiti cha baiskeli, kisha mtu mwingine apime kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni. Mimi nina kimo cha sentimita 169, na urefu huo wa mguu ni sentimita 79. Sasa zidisha kwa 0.67. Jibu langu ni karibu sentimita 53, na hilo ndilo bomba la kiti la fremu ninayopaswa kuitafuta, kutoka kwenye mhimili wa pedali hadi juu ya bomba. Halafu zidisha mguu ule ule kwa 0.883. Napata kama sentimita 69.8, nao ni umbali wa kutoka katikati ya mhimili wa pedali hadi juu ya kiti. Hesabu hizi si za kwangu. Alizieneza Greg LeMond, yule Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu, na ingawa wataalamu wa leo wana kompyuta na kamera, fundi mwenye futi ya mshonaji bado anafika karibu kabisa.

Ile nyekundu yangu ilikuwa 58. Sentimita tano zaidi! Nilipokuwa nimesimama juu yake, bomba la juu lilikuwa likinigusa pale pasipotajwa, na ukiwa ndani ya feri umebanwa na watu na mikokoteni, meli ikigonga gati kwa kishindo, hilo si jambo la mzaha. Aliyeniuzia aliniambia, "Kaka, wewe shusha kiti tu, itakukaa." Nikashusha. Kiti kikawa sawa. Wala hakusema uongo wote, kwani kiti hupanda na kushuka. Ila urefu wa bomba la juu, ule unaokutenganisha na usukani, haushuki wala haupandi. Fremu kubwa ni ndefu kwenda mbele pia. Nilikuwa nimelala juu ya chombo kama anayechungulia kisimani, viwiko vimenyooka kabisa, na kila shimo la barabarani lilikuwa likinipiga moja kwa moja mabegani.

Mwisho wake ulikuwa asubuhi moja baada ya mvua, karibu na Shika Adabu. Tuktuk ilisimama ghafla mbele yangu. Vidole vilikuwa juu ya usukani, breki ziko mbele zaidi, na katika ile nusu ya sekunde ya kujinyoosha kuzifikia, nikawa nimeshateleza kwenye mchanga. Alhamdulillah, nilichubuka goti na kiwiko tu. Nyuma yangu palikuwa na lori.

Baada ya hapo nilimwendea fundi wangu wa Kisauni, mzee mmoja ninayemwita Ami, ambaye amekuwa akitengeneza baiskeli tangu zama za zile nyeusi nzito tunazoziita Black Mamba. Aliniangalia nikiikalia ile nyekundu akacheka. Akasema, "Mwanangu, umeazima kanzu ya harusi ya mtu mrefu." Tuliiuza kwa kijana mmoja mrefu wa Bamburi, kwa hasara ya 5,000, na yule kijana mpaka leo ananishukuru.

Ami ndiye aliyenifundisha mengine yote, nami nayapitisha kama nilivyoyapata.

Kwetu hapa resa nyingi ni za mitumba, zimeshuka ndani ya makontena pale Kilindini. Kwa hivyo hununui namba unayotaka, unanunua iliyokuja. Subira ni nusu ya bei. Mimi nilingoja miezi mitatu. Na katika kungoja, jambo la kwanza la kuangalia baada ya ukubwa ni chumvi. Baiskeli ya pwani inaliwa na hewa. Fremu ya chuma hainitishi, maana chuma chema kinadumu, lakini legeza bolti ya kiti mbele ya muuzaji, uvute bomba la kiti, ulizungushe. Likiwa la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma na halijawahi kutolewa, chumvi huzigandisha metali hizo mbili zikawa kitu kimoja. Hapo hutapandisha wala kushusha kiti milele, na zile hesabu zako zote ni bure. Muuzaji akikataa usilegeze bolti, mshukuru, nenda zako.

Fremu ya kaboni ni nyepesi na ni tamu, sikatai. Lakini kaboni haipindi, hupasuka, na ufa unaweza kujificha chini ya rangi. Ami huchukua sarafu akaigonga kidogokidogo kwa urefu wa kila bomba. Sauti kali, sawa. Ikifika mahali ikawa nzito kama kugonga papai bichi, hapo pana maneno. Si kipimo cha hospitali, lakini afadhali hicho kuliko kununua kwa macho. Fremu ambayo hujui imeangukaje huko ilikotoka, mimi siimini kuipanda kasi juu ya daraja la Nyali.

Sasa magurudumu, na hapa ndipo watu wengi wanapoliwa pesa. Tairi za resa za siku hizi zimeandikwa 700C, na kipenyo cha pale tairi inapokaa kwenye ringi ni milimita 622. Resa za zamani za Kiingereza zina ringi za inchi 27, na jina hilo linadanganya, kwa sababu kipenyo chake ni milimita 630, kikubwa zaidi. Black Mamba ya inchi 28 ni milimita 635. Tofauti ni ya unene wa kidole tu, ukiziweka pembeni huioni, lakini tairi ya moja haikai kwa nyingine. Utakuta resa ya bei ya kutupa, imening'inia miaka dukani, sababu ni kwamba tairi zake za 630 ni shida kupata. Soma ubavuni mwa tairi. Namba ya 622 imeandikwa pale, kwa mfano 28-622, na hiyo 28 ya mwanzo ni upana wake.

Upana nao usiuchukulie mchezo. Wanaotazama mbio kwenye simu hutaka tairi nyembamba kama kamba, za 23. Barabara zetu zina mchanga wa pembeni, mashimo, na reli ya zamani hapa na pale. Mimi natumia 28, na kama fremu yako ina nafasi ya 32, chukua 32 bila aibu. Hata waendeshaji wa kulipwa wa Ulaya wameziacha 23. Tairi pana kidogo, yenye upepo wa kiasi, hailegei na haikurushi.

Mnyororo: beba rula ya shule, ile yenye upande wa inchi. Weka alama ya sufuri katikati ya pini moja, uhesabu pini 24 mbele. Ya 24 iwe juu ya alama ya inchi 12 sawasawa. Ikiwa imepita kwa milimita moja na nusu hivi, mnyororo umechoka, punguza bei. Ikiwa imepita tatu, jua na meno ya nyuma yamekwisha, utanunua vyote viwili. Na ukishanunua, tafadhali, usikubali fundi akupakie oili chafu ya gari. Naijua ni ya bure. Inashika mchanga, na mchanga pamoja na oili ni msasa. Paka oili safi nyepesi, tone kwa tone, kisha ufute kwa kitambaa. Nikitoka Shelly Beach ama nikivuka feri siku ya upepo, jioni naipangusa baiskeli kwa maji baridi ya bomba.

Juu ya gia sina mengi. Pwani ni tambarare. Kupanda kutoka Makupa kuelekea Changamwe ndiko mlima wetu, na gia yoyote ya kawaida inaumudu. Sisi mlima wetu ni upepo. Msimu wa kusi ukienda Mtwapa unasukumwa kama jahazi, unajiona bingwa, kisha unageuka kurudi Kisauni na kilomita zile zile zinakula roho yako. Tangu barabara ya Dongo Kundu ilipofunguliwa yote kutoka Miritini mpaka Kibundani, baadhi yetu tunapita huko badala ya kungoja feri, na juu ya yale madaraja upepo unakupiga ubavuni usipotazamia. Hapo ndipo utajua kama baiskeli ni saizi yako. Inayokukaa, unainama, unashika pembe za chini za usukani, viwiko vimekunjwa, nayo inakwenda sawa. Isiyokukaa, huwezi hata kuzifikia zile pembe bila kiuno kulia.

Kwa hiyo ya kwanza nzuri ya kujaribu ni hii: endesha kwa dakika 20, si kuzunguka mbele ya kibanda. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, na mguu unyooke. Ukirudisha mbele ya wayo kwenye pedali, goti litakunjika kidogo. Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini. Likiuma nyuma, ama kiuno kikiyumba kama mcheza chakacha, kiko juu. Mikono ikifa ganzi, angalia umbali wa usukani. Shingo ya usukani unaweza kuibadilisha ikawa fupi kwa sentimita moja au mbili, ni kitu cha bei ndogo. Ukihitaji nne, hiyo fremu si yako.

Na karatasi. Igeuze baiskeli juu chini, usome namba iliyopigwa chini ya mhimili wa pedali. Iandike kwenye risiti pamoja na jina la aliyekuuzia na namba ya kitambulisho chake. Namba iliyosuguliwa na msasa maana yake kuna mwenzako analia mahali.

Baiskeli yangu ya sasa nilipata ya chuma, 53, na kibandiko cha Reynolds 531 kimebaki nusu. Bomba hizo zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1935, na hii yangu sijui imepita mikononi mwa wangapi. Rangi ya kijani imebanduka, watoto hawaifuati tena. Siku ya kwanza nilitoka nayo Likoni hadi Changamwe, na nilipofika nilikumbuka kwamba sikuwa nimeiwazia baiskeli njia nzima. Vidole vilikuwa vizima.

Mpwa wangu ana miaka 19. Amejiwekea 30,000 kwa kubeba mizigo, ndoto yake ni mbio, na anaijua hadithi ya Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, akafunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, akaja kushinda Tour de France mara nne. Mwezi uliopita alinipigia simu akihema: amepata ya kaboni, nyeusi, bei ni hiyo hiyo 30,000, muuzaji anampa mpaka jioni. Nikavuka. Kusema kweli ilikuwa nzuri mno, na ukubwa ulikuwa wake kabisa, 55. Nikatoa sarafu. Bomba la juu, sawa. Bomba la chini, sawa, sawa, na karibu na pale linapokutana na usukani, papai bichi. Tukawasha taa ya simu. Palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umepakwa rangi juu.

Alinikasirikia mimi, si muuzaji. Tulipanda feri bila kusemezana, na siku nne hakuja nyumbani kwa chai. Ya tano alikuja, akaulizia futi yangu ya kupimia, akaitia mfukoni. Kuna kontena linafunguliwa Jumamosi upande wa Changamwe. Tutakwenda pamoja, na 30,000 zake bado ziko kamili.