Ligi ya Mabingwa Ulaya: Mechi zimeongezeka, Alfajiri haijasogea

Tangu msimu wa 2024/25, mashindano ya Ligi ya Mabingwa Ulaya yamebadilishwa muundo, na mabadiliko hayo yameingia katika nyumba zetu bila kupiga hodi. Mechi za msimu mmoja zilizokuwa 125 sasa ni 189. Baba anayeona televisheni ikiwaka usiku wa Jumanne na Jumatano hata katika mwezi wa Januari, na mama anayemwamsha kijana mara tatu kwa ajili ya Swala ya Alfajiri, wana haki ya kujua kilichobadilika. Mzazi asiyeujua mchezo huamrisha tu televisheni izimwe, na kijana humwona kuwa hajui lolote. Mzazi anayeujua anaweza kukaa na mwanawe wakapanga.

Muundo wa zamani ulikuwa mwepesi kueleweka. Timu 32 ziligawanywa katika makundi 8 ya timu nne nne, kila timu ikacheza mechi 6, na mbili za juu zikaendelea. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019, Mbwana Samatta wetu alipokuwa na Genk ya Ubelgiji katika kundi moja na Liverpool, Napoli na Salzburg. Mnamo Novemba 5 mwaka huo alifunga bao kwa kichwa katika uwanja wa Anfield, ingawa Liverpool ilishinda 2-1. Genk ilimaliza mkiani mwa kundi ikiwa na pointi moja.

Sasa timu ni 36 na zote zimo katika jedwali moja. Kila timu hucheza mechi 8 na wapinzani wanane tofauti, nne nyumbani na nne ugenini. Nane za juu huingia moja kwa moja katika hatua ya 16 bora. Zinazoshika nafasi ya 9 hadi ya 24 hucheza mchujo wa nyumbani na ugenini ili kupata nafasi nane zilizobaki. Kuanzia nafasi ya 25 hadi ya 36, safari imekwisha.

Kwa nini ikawa hivyo? Klabu kubwa zilitaka mechi nyingi zaidi baina yao, kwa kuwa mechi za namna hiyo ndizo zinazouzwa kwa bei kubwa katika televisheni. Mnamo Aprili 18, 2021, klabu 12 zilitangaza kuanzisha ligi yao wenyewe, ambayo waasisi wake wasingeweza kushushwa hata wakifanya vibaya. Mashabiki wa Uingereza walitoka barabarani kupinga, na katika muda wa siku mbili klabu zote sita za nchi hiyo zikajitoa. Siku moja tu baada ya tangazo lile, UEFA iliidhinisha mpango wake wa kila timu kucheza mechi 10 za awali. Mwaka 2022 mechi hizo zikapunguzwa kuwa 8. Mashabiki waliizuia ligi ya matajiri watupu, lakini ongezeko la mechi lilibaki.

Nini kilitokea katika msimu wa kwanza

Baada ya mechi tano, Paris Saint-Germain ilikuwa na pointi 4 tu na ilikuwa nje ya nafasi 24. Januari ikaifunga Manchester City 4-2 baada ya kutanguliwa kwa mabao mawili, ikamaliza ya 15, ikapita katika mchujo, na Mei 31, 2025 ikaichapa Inter Milan 5-0 mjini Munich na kutwaa kombe. Liverpool, iliyoongoza jedwali la timu 36 kwa pointi 21 kati ya 24, ilitolewa na PSG hiyohiyo katika hatua ya 16 bora.

Wapenzi wa mbinu wana la kujifunza hapa. Kylian Mbappé alikuwa ameondoka PSG kwenda Real Madrid, na wengi walidhani timu imekwisha. Kocha Luis Enrique alimhamishia Ousmane Dembélé katikati ya safu ya ushambuliaji na kumtaka awe wa kwanza kukaba. Katika fainali, kipa wa Inter alipotaka kuanzisha mpira, alimkuta Dembélé amesimama mbele yake, tayari kumkimbilia. Aliyetazamiwa kufunga ndiye aliyekuwa mstari wa kwanza wa ulinzi. Kijana akiulizwa nyumbani ni kwa nini timu iliyoondokewa na nyota wake ilikuwa bora kuliko alipokuwapo, jibu lake litakuwa na faida hata nje ya uwanja.

Bao la kwanza la fainali hiyo lilifungwa na Achraf Hakimi wa Morocco katika dakika ya 12. Hakushangilia. Aliinua mikono kuwaomba radhi mashabiki wa Inter, klabu aliyoichezea na kutwaa nayo ubingwa wa Italia mwaka 2021. Vijana wetu wanaotukanana barazani kwa ajili ya timu ambazo hawajawahi kufika katika viwanja vyake wakumbushwe adabu hiyo.

Saa za huko na Swala za hapa

Uislamu haukukataza kutazama mchezo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) ili atazame mpaka yeye mwenyewe aridhike. Maimamu haohao wamepokea pia kwamba Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Mwenye kuzitazama hadithi hizi mbili kwa pamoja ataona kuwa burudani ina nafasi, na usiku una haki yake.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Mechi nyingi za mashindano haya huanza saa 3:00 usiku kwa saa za Ulaya ya kati. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni saa 4:00 usiku katika Septemba na sehemu kubwa ya Oktoba, na saa 5:00 usiku kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi. Mechi za mapema huanza saa 1:45 usiku kwetu katika Septemba, karibu kabisa na wakati wa jamaa ya Isha. Usiku wa Machi 11, 2025, Liverpool na PSG walipofika muda wa nyongeza na penalti, ilikuwa imepita saa 7:00 usiku, na tulikuwa ndani ya Ramadhani. Aliyetoka Tarawehe akaenda kibanda umiza alirudi nyumbani karibu na daku.

Hata waandaaji wameuona uzito wa saa hizo. Mwaka 2025 UEFA ilitangaza kuwa fainali ya 2026 mjini Budapest itaanza saa 12:00 jioni kwa saa za huko, na miongoni mwa sababu ilizotoa ni familia na watoto. Kama wenye biashara yao wanamfikiria mtoto anayechelewa kulala, sisi tunaoamka kwa adhana tuna sababu kubwa zaidi ya kumfikiria.

Mkeka unaochanika

Mnamo Januari 29, 2025, mechi 18 zilichezwa kwa wakati mmoja. Kwa mtazamaji ilikuwa burudani. Kwa makampuni ya kamari ilikuwa siku ya mavuno. Vijana huambiwa kuwa anayejua mpira atashinda, lakini hesabu haisemi hivyo. Mkeka wa mechi 6, kila moja ikiwa na nafasi nusu kwa nusu, hutimia mara 1 katika 64. Nani aliyeipa PSG kombe ilipokuwa na pointi 4?

Suratul Maida, katika aya ya 90 na 91, imeiweka kamari pamoja na ulevi na kutaja matunda yake: uadui baina ya watu na kusahauliwa kwa Swala. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zenyewe zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa matangazo ya kamari mbele ya jezi zao za mechi kufikia mwisho wa msimu wa 2025/26. Mzazi anayenunua jezi ya mtoto aitazame vizuri kabla ya kulipa.

Njia ya kati

Ndugu msomaji, ufumbuzi uko ndani ya muundo wenyewe. Katika msimu wa kwanza pointi 11 zilitosha kumaliza ya 24, na Dinamo Zagreb iliyokuwa na pointi hizohizo ilitolewa kwa tofauti ya mabao. Maana yake ni kwamba mechi za Septemba na Oktoba kwa kawaida hazimtoi mtu, na uamuzi huja katika raundi mbili za Januari. Familia inaweza kukaa na ratiba mwanzoni mwa msimu, ikachagua mechi chache za kutazamwa pamoja nyumbani, na nyingine zikatazamwa kwa muhtasari kesho yake baada ya masomo. Kijana apewe nafasi ya kuchagua mwenyewe, kwa sharti moja: usiku wa mechi aliyoichagua, yeye ndiye atakayewaamsha wenzake kwa Swala ya Alfajiri.