Jukwaa la Shule na Lugha ya Mwanafunzi: Mfano wa Kilosa

Kidodi ni mji mdogo ulioko kusini mwa Wilaya ya Kilosa, katika Mkoa wa Morogoro, kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Kidatu na Ifakara. Jirani yake imesimama milima ya Vidunda. Na hapo karibu upo mto wa Ruaha Mkuu pamoja na mashamba ya miwa ya Kilombero, ambayo tangu miaka ya 1960 yamevuta wafanya kazi kutoka mikoa mingi. Kwa sababu hiyo mtoto wa Kidodi hukua kati ya lugha nyingi. Wenyeji wa milimani wana Kividunda chao, ambacho katika orodha ya Guthrie kimepewa alama ya G38. Wageni wamekuja na lugha zao. Na wote hukutana katika Kiswahili. Shule ya msingi humfundisha mtoto huyo kwa Kiswahili, na shule ya sekondari kwa Kiingereza. Basi aliyeanza na lugha ya nyumbani huvuka mipaka miwili kabla ya kuwa mtu mzima, na katika kila mpaka hutakiwa kwanza anyamaze, asikilize, kisha ajibu kama alivyofundishwa.

Makala haya yanakusudia kueleza nafasi ya mchezo wa kuigiza, na ya vyama vya sanaa vikutanavyo baada ya masomo, katika maisha ya mwanafunzi wa namna hiyo. Hoja yake ni moja. Michezo ya shule ni ya aina mbili: ule ambao mwanafunzi huazima maneno ya mtu mwingine, na ule ambao maneno ni yake mwenyewe. Aina zote mbili zina faida. Lakini asiyezitenganisha aweza kudhani kwamba mtoto amefundishwa kusema, kumbe amefundishwa kunyamaza kwa sauti kubwa.

Wilaya ya Kilosa inafaa kuwa mfano kwa sababu ya pili pia. Kaskazini mwa wilaya hiyo, huko Berega, katika nchi ya Wakaguru, ndiko alikozaliwa Penina Muhando mwaka 1948, ambaye baadaye alijulikana pia kwa jina la Penina Mlama. Watu wengi humjua kwa michezo yake, kama vile Hatia (1972) na Nguzo Mama (1982). Lakini kwa jambo linalozungumzwa hapa, kazi yake kubwa ni utafiti alioukamilisha mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambamo alizichunguza sanaa za maonyesho za jadi za Wakaguru kuwa ni chombo cha kufundishia. Mafunzo ya utu uzima, ngoma, hadithi na nyimbo zilitazamwa humo si kama pambo la maisha, bali kama shule iliyokuwa na walimu wake, masomo yake na wanafunzi wake.

Jambo hilo laonekana hata katika maneno. Mswahili husema kucheza ngoma, kucheza mpira na kucheza mchezo wa kuigiza, na kitenzi ni kile kile kimoja. Kuigiza nako kumetokana na kuiga, na kuiga ndiyo njia ya kwanza ya mtoto kujifunza kazi yo yote, iwe kutwanga, kulima au kuamkia wakubwa. Neno tamthilia, lenye asili ya Kiarabu, lilienea baadaye pamoja na uandishi wa michezo katika vitabu. Mwenye kutazama historia ya maneno haya huona kwamba mchezo ulikuwapo kabla ya kitabu cha mchezo, na kwamba kucheza na kufundishwa havikuwa vitu viwili.

Shule za wakati wa ukoloni zilileta mchezo wa namna nyingine. Katika shule za juu wanafunzi waliigiza michezo ya Kiingereza, na ya Shakespeare ikiwamo. Kijana alisimama mbele ya wakubwa akatamka maneno ambayo hakuyatunga, katika lugha ambayo hakuzaliwa nayo, kuhusu miji ambayo hakupata kuiona. Pembeni mwa michezo hiyo vilikua vichekesho, yaani maigizo mafupi ya Kiswahili yasiyoandikwa, ambamo waigizaji walipatana juu ya kisa tu na kuyaacha maneno yaje yenyewe. Vichekesho havikuhesabiwa kuwa sanaa ya heshima. Hata hivyo kwa mtaalamu wa lugha vina thamani, kwa kuwa ndimo Kiswahili cha mazungumzo kilimopata jukwaa bila kupitia kwenye kalamu.

Baada ya Uhuru Kiswahili kiliingia jukwaani kwa mlango wa mbele. Mwaka 1963 ilichapwa tafsiri ya Julius Nyerere ya mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari, na mwaka 1969 ilifuata ile ya Mabepari wa Venisi. Mwaka huo huo wa 1969 kilitoka kitabu cha Ebrahim Hussein kiitwacho Kinjeketile. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa katika miaka hiyo hiyo. Na katika shule za msingi, ambako ndiko walikokuwa watoto wengi, lilienea jambo jingine: ngonjera.

Ngonjera ni shairi la majibizano. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma, ndiye aliyeipa umbo ililojulikana nalo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitumiwa sana mashuleni. Watoto husimama kwa safu mbili, upande mmoja ukiuliza au kubisha, upande wa pili ukijibu, kwa beti zenye vina na mizani. Faida yake kwa mtoto aliyekulia katika lugha nyingine ya Kibantu si ndogo. Mizani humfundisha kuipa kila silabi haki yake. Vina humpa akiba ya maneno. Na kusimama mbele ya wazazi humwondolea woga.

Lakini ngonjera ina desturi moja ambayo yafaa iangaliwe. Upande wa asiyejua mwishoni hushindwa, hushukuru, na hukubali. Mashaka yake yamewekwa ili yajibiwe, wala hayakuwekwa ili yasikilizwe. Mtoto apewaye sehemu ya mbishi hujua tangu siku ya kwanza ya mazoezi kwamba atasadiki ifikapo ubeti wa mwisho. Hali kadhalika kwaya na maigizo yatengenezwayo kwa ajili ya kumpokea mgeni rasmi: ujumbe umekwisha kuamuliwa, na kazi ya mwanafunzi ni kuubeba bila kuuangusha. Hilo si kosa la umbo la ngonjera, kwa kuwa majibizano ya kweli yaweza kutungwa kwa vina na mizani. Ni kosa la matumizi.

Aina ya pili ya mchezo ilipata utaratibu wake mwaka 1996, wakati walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Penina Mlama na Amandina Lihamba, walipoanzisha mpango wa TUSEME kwa wasichana wa shule za sekondari. Baadaye shirika la FAWE liliupeleka mpango huo katika nchi nyingine za Afrika. Utaratibu wake hauanzi na kitabu cha mchezo. Wanafunzi huanza kwa kuchunguza mambo yanayowazuia kusoma: mwendo mrefu wa njiani, kazi za nyumbani, wanaume wanaowavizia, ukali au dharau darasani. Huyachambua na kutafuta chanzo chake. Kisha hutunga igizo, ngoma au wimbo. Huonyesha mbele ya wenzao, walimu na wazazi. Na baada ya onyesho watazamaji na waigizaji hujadiliana juu ya la kufanya. Chama cha wanafunzi hubaki shuleni kufuatilia yaliyopatanwa.

Jina la mpango huu lastahili kufikiriwa na wanalugha. Tuseme si amri, kama ingalivyokuwa Semeni. Wala si ombi la ruhusa. Ni kitenzi cha nafsi ya kwanza ya wingi katika hali ya kutaka, ambamo asemaye na aambiwaye wamo pamoja. Tena neno hilo lina maana ya pili, ijulikanayo na kila Mswahili: tuseme, yaani tuchukulie kwamba jambo fulani limetokea. Maana zote mbili ni za jukwaa. Kuigiza ni kuchukulia. Na kwa kuchukulia mtu hupata kusema.

Hapo ndipo ilipo siri ya mchezo huu. Msichana wa kidato cha pili amwamkiaye mwalimu kwa shikamoo na kungoja aulizwe, hana njia ya adabu ya kumwambia mwalimu huyo kwamba anaogopa njia ya jioni ipitayo kando ya miwa. Lugha yenyewe imemwekea ukuta wa heshima. Lakini akipewa kuwa mama wa mchezoni, aweza kumwambia baba wa mchezoni, mbele ya watu wote: "Umemnunulia mwanao daftari, je, njia ya kumrudisha nyumbani umeinunua wapi?" Adabu haikuvunjwa, kwa kuwa aliyesema ni mhusika, na neno limefika, kwa kuwa aliyesikia ni mzazi. Wazee wa jadi waliitumia njia hiyo hiyo katika mafumbo na nyimbo.

Tena mchezo wa namna hii una athari katika lugha. Akitunga mwenyewe, mwanafunzi hulazimika kuchagua maneno ya baba, ya mwuza duka, ya shangazi, ya mwalimu mkuu. Kila mmoja na salamu zake, methali zake na namna yake ya kukasirika. Hiyo ni kazi ya mitindo ya lugha ambayo insha za darasani huigusa mara chache. Na katika shule ya sekondari, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, chama cha maigizo ni mojawapo ya mahali pachache ambapo kijana huweza kulijadili jambo zito kwa Kiswahili mbele ya wakubwa wake.

Jambo lenyewe si dogo. Kwa miaka mingi msichana wa shule aliyepata mimba alifukuzwa, na ni mwezi wa Novemba 2021 tu ndipo Serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba wanafunzi wa namna hiyo wataruhusiwa kurudi masomoni. Waraka waweza kufungua lango la shule. Hauwezi kumpa msichana maneno ya kuwaeleza wenzake, walimu na wazazi kwa nini alitoka na kwa nini amerudi.

Vizuizi vya vyama hivi vyajulikana: saa za baada ya masomo huliwa na maandalio ya mitihani; mwalimu mwenye kuipenda sanaa akihamishwa, chama huzimika; na baadhi ya wakubwa hupendelea igizo lisilo na hatari. Dawa ya kwanza haihitaji fedha. Ni mwalimu kuuliza, kabla ya kugawa sehemu za mchezo, ni nani aliyeyatunga maneno haya, na je, mbishi ameruhusiwa kushinda walau mara moja. Mtoto wa Kidodi, aliyevuka lugha mbili kwa kunyamaza, ana haki ya kupata jukwaa moja ambalo atalipanda akiwa na maneno yake mwenyewe.