Kovu lililofura: Kisu pekee si tiba

MTU anapojikata, anapoungua au anapotobolewa sikio, mwili hutengeneza protini iitwayo kolajeni ili kuziba kidonda. Kidonda kikipona, kazi hiyo hupungua. Kwa baadhi ya watu haipungui: kovu hufura, likawa gumu, likawasha na hata kuuma.

Makovu hayo si ya aina moja. Kuna linaloinuka lakini likabaki ndani ya mipaka ya jeraha. Hilo aghalabu hunywea lenyewe kadiri miezi inavyopita. Keloidi nayo huvuka mipaka na kutambaa kwenye ngozi ambayo haikuumia. Ndiyo maana Jean-Louis Alibert, daktari Mfaransa aliyeieleza mwanzoni mwa karne ya 19, aliifananisha na gando la kaa. Si saratani wala haiambukizi, ila ni nadra kutoweka bila matibabu. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa walio kati ya miaka 10 na 30, na hupenda masikio, kifua, mabega na taya.

Wengi hutaka ikatwe mara moja. Hapo ndipo hasara huanza, kwani kisu nacho huacha jeraha jipya: keloidi iliyokatwa bila tiba nyingine mara nyingi hurudi, pengine ikiwa kubwa kuliko ya awali. Tindikali na utomvu wa mimea unaochoma huzidisha balaa lilo hilo.

Kwa kawaida daktari wa ngozi huanza na sindano za steroidi, zinazodungwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki 4 hivi, kwa miezi kadhaa. Zinauma, na ni vyema mgonjwa aambiwe mapema asije akakatiza tiba. Hulainisha kovu na kupunguza mwasho, ingawa huweza kuacha baka jeupe. Keloidi kubwa hupasuliwa, mradi upasuaji ufuatwe na sindano hizo, klipu ya kubana sikio, au mionzi inayoanza ndani ya siku moja au mbili.

Kwa kovu changa, kibandiko cha silikoni hufaa, kikivaliwa angalau saa 12 kwa siku kwa miezi 2 au 3.

Aliyewahi kuota keloidi anapaswa kumfahamisha daktari kabla ya upasuaji wowote, ukiwemo wa kujifungua, ili kinga ianze punde kidonda kinapofunga.