Vitabu Tulivyoviacha Njiani

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu vitabu havikosekani. Kabati la sebuleni lina tafsiri ya Qur'ani, vitabu vya Hadithi na vya fiqhi, riwaya mbili tatu zilizobaki tangu siku za skuli, na pengine kitabu cha malezi kilichonunuliwa kwa shauku baada ya darsa. Tukivifungua, aghalabu tutakuta alama ile ile: kipande cha karatasi au risiti ya duka imewekwa baina ya ukurasa wa 20 na wa 40. Kuanzia hapo kurasa ni mpya, hazijaguswa na mkono. Wenyewe wakiulizwa husema kuwa wanapenda kusoma, ila hawamalizi.

Maneno hayo twayasikia zaidi kwa kina mama. Wengi wao walipokuwa wasichana hawakuachiwa karatasi wasiisome, hata ile iliyofungiwa mahamri. Leo mama humaliza kazi za nyumba, huwalaza watoto, hushika kitabu na kusoma aya moja mara tatu bila ya kujua amesoma nini. Kisha hukiweka chini, akashika simu. Baadhi yao wameshajihukumu kwamba akili zao zimekuwa nzito. Hukumu hiyo si ya haki, na madhara yake si madogo. Kwani mwenye kuamini kuwa hawezi tena hatajaribu tena, na watoto wake watakulia katika nyumba yenye vitabu visivyo na msomaji.

Basi na tutazame sababu. Ya kwanza ni namna tulivyofundishwa. Kitabu cha fasihi skuli kilisomwa kwa ajili ya mtihani: taja wahusika, eleza maudhui, onesha tamathali za usemi. Mwanafunzi alikisoma kama mdaiwa, na siku ya karatasi ya mwisho alihisi amelipa deni lake. Nani aliyetoka kulipa deni akatamani kukopa tena? Wengi wetu hatukupata nafasi ya kusoma riwaya kwa ajili ya raha yake, tukacheka inapochekesha na kuhuzunika inapohuzunisha, pasi na mtu wa kutuuliza swali.

Sababu ya pili ni simu. Si kweli kwamba tumeacha kusoma. Mchana kutwa macho yetu yamo katika maandishi: ujumbe wa kikundi cha jamaa, wa maandalizi ya harusi, wa mwalimu wa darasa la mtoto. Lakini hayo ni maandishi ya vipande, na kila kipande hukatizwa na chenzake. Kitabu chataka utulivu wa namna nyingine, nao utulivu ni mazoea. Yanapoachwa hupotea, na yakirejewa kidogo kidogo hurudi.

Sababu ya tatu ni kuwa wengi wetu huchagua kitabu kwa kutazama sifa yake badala ya haja yetu. Mtu aliyekaa miaka kumi bila ya kusoma huanza na kitabu kinene alichosikia kikisifiwa, hali pumzi zake zingetosha kitabu cha kurasa 100. Akishindwa, humlaumu msomaji aliye ndani yake, wala hakilaumu chaguo lake.

Pamoja na hayo, ushahidi kwamba tunaweza umo majumbani mwetu. Kila mwaka katika mwezi wa Ramadhani, wake kwa waume, wazee kwa vijana, huhitimu Qur'ani. Msahafu uliochapishwa Madina una kurasa 604 zilizogawika katika juzuu 30, na kila juzuu ni kama kurasa 20. Wengi hutumia hesabu nyepesi: kurasa 4 pamoja na kila Sala ya fardhi, zikawa 20 kwa siku, na mwezi ukiisha hitima imetimia. Anayesema hawezi kumaliza kitabu cha kurasa 150 ndiye huyo huyo aliyehitimu Msahafu mwezi wa tumu.

Hatuulinganishi usomaji wa Kitabu cha Mwenyezi Mungu, ambao ni ibada, na usomaji wa kitabu kingine chochote. Tunachotazama ni mpango wake. Msomaji wa Ramadhani ana mambo matatu: kiasi maalumu, wakati maalumu, na watu wanaosoma pamoja naye. Mambo hayo matatu yakihamishiwa katika vitabu vyetu vya kawaida, mengi yatabadilika.

Kwa upande wa kiasi, kurasa 10 kwa siku zatosha. Kitabu cha kurasa 200 kitakwisha kwa siku 20. Aliyebanwa na shughuli asome kurasa 5, naye atakimaliza kwa siku 40. Nani kati yetu hajakaa na kitabu kama hicho miaka minne? Kuhusu wakati, wapo wanaopata faragha baada ya Sala ya Alfajiri kabla watoto hawajaamka, na wapo wanaoipata baina ya Magharibi na Isha. La muhimu ni saa ijulikane, na simu ibaki chumba kingine. Simu iliyo karibu, hata ikiwa kimya, huita.

Ama kusoma pamoja, hilo ni jambo letu la tangu zamani. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa nasaha. Aliuandika kwa hati za Kiarabu kama ilivyokuwa desturi, na wanawake wa pwani wakaunakili na kuupokezana. Tendi hazikuandikwa zisomwe kwa macho peke yake. Zilisomwa kwa sauti na kwa mahadhi, na hata asiyejua herufi aliweza kuzihifadhi. Kusoma kwa kimya, mtu peke yake chumbani, ndiyo desturi ngeni kwetu. Basi mama ambaye macho yamechoka hana haja ya kuona haya. Binti amsomee kurasa 10 huku yeye akichambua mchele, kesho wabadilishane. Wote wawili watakuwa wamesoma, na watakuwa na jambo la kuzungumza lisilokuwa kugombezana.

Yapo pia mambo ya kujisamehe. Mwandishi wa Ufaransa, Daniel Pennac, ambaye alikuwa mwalimu, alitoa kitabu mwaka 1992 akaorodhesha ndani yake haki kumi za msomaji, na mojawapo ni haki ya kutomaliza kitabu. Kwetu sisi twaongeza sharti. Kitabu cha elimu tunachokihitaji kwa dini yetu au kazi yetu tusikiache kwa uvivu. Tukione kizito, tutafute wa kutusomesha. Lakini riwaya iliyoshindwa kutuvuta baada ya kurasa 50, tumpe mwingine huenda ikamfaa, nasi tushike nyingine. Kitabu kimoja kilichokwama kisizuie njia ya vitabu ishirini.

Vya kuanzia havikosekani, tena kwa lugha yetu. Makala mafupi ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, yamo katika kitabu chake Uwongozi, na kila moja lasomeka kwa kikao kimoja. Diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, iliyotoka mwaka 1973, ina mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni. Shairi moja kwa usiku mmoja latosha. Apendaye mafumbo amtafute Bwana Msa katika riwaya za Mohamed Said Abdulla. Apendaye habari za watu wa kweli asome Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Na kwa aliyekwisha kupata pumzi, ipo Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa mwaka 2022.

Huenda mzazi akauliza kama hadithi za kubuni si kupoteza wakati. Hatusemi kila riwaya yafaa. Mzazi ana wajibu wa kuchagua kama anavyochagua chakula. Lakini Qur'ani yenyewe hutufundisha kwa visa, na Sura ya Yusuf yasimulia kisa cha Nabii huyo tangu ndoto ya utotoni hadi kukutana tena na baba yake. Hadithi njema humwezesha mtoto kumwonea huruma mtu asiyemjua na kupima tendo kabla ya kulitenda. Mtoto asiyesomewa hadithi nyumbani hatakosa hadithi. Atazipata katika simu, nazo hatutazichagua sisi.

Wala tusidhani kwamba amri ya kusoma itawaingia watoto kwa kuambiwa tu. Mtoto amwambiwaye asome na mama aliyeshika simu huona mambo mawili, na hufuata lile analoliona. Akimwona mama yake amezama katika kitabu, akicheka peke yake, atakuja mwenyewe kuuliza kuna nini humo. Swali hilo lina thamani kuliko makaripio ya mwaka mzima.

Umma ambao ufunuo wake ulianza kwa amri ya kusoma haufai kuyaachia vumbi makabati yake. Basi juma hili kila nyumba ichague kitabu kimoja chembamba, saa moja inayojulikana na kurasa 10. Ijumaa ijayo tutakuwa tumeshasoma 70. Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwarithisha watoto wetu mapenzi ya kuitafuta. Amin.