Namna Kiingereza kinavyofundishwa katika shule za Japani

Sisi sote tulio na kazi ya kufundisha, mapadri, waseminari ao wakatekista, twajua taabu hii: mwanafunzi anajibu maulizo yote ya kitabu bila kosa, lakini mtu akimwuliza jambo lilelile kwa maneno mengine, ananyamaza. Taabu hiyo si ya inchi yetu peke yake. Wajapani, watu wenye shule nzuri na walimu waliosoma sana, wameshindana nayo kwa zaidi ya miaka mia moja katika somo moja, ndilo somo la Kiingereza. Watoto wao wanajifunza lugha hiyo miaka mingi, wanajua sarufi yake, na wengi wao hawawezi kuisema. Tutazame sababu zake, maana zinatuhusu sisi vilevile.

I. Asili ya somo hili

Watawala wa Japani walipokwisha kuwafukuza wamisionari na kuwatesa Wakristu, waliifunga inchi yao. Tangu mwaka 1641 Wazungu waliopewa ruhusa ya kukaa humo ni Waholanzi tu, tena katika kisiwa kidogo cha bandari ya Nagasaki. Kwa hiyo wakalimani wa Serkali walijifunza Kiholanzi. Lakini katika mwaka 1808 manowari moja ya Waingereza, jina lake Phaeton, iliingia Nagasaki kwa hila, ikipeperusha bendera ya Uholanzi. Serkali ilishituka, na katika mwaka 1809 iliwaamuru wakalimani wajifunze Kiingereza.

Walijifunza hasa kwa kusoma. Mwalimu wa kwanza aliyesema Kiingereza tangu utoto wake alikuwa Ranald MacDonald, kijana wa Amerika ya Kaskazini, aliyefika pasipo ruhusa mwaka 1848 akafungwa. Huko Nagasaki wakalimani 14 walimwendea kifungoni, wakasoma mbele yake, naye akayasahihisha matamko yao. Mmoja wao, Moriyama Einosuke, alikuwa mkalimani katika mwaka 1854, Japani ilipofanya mapatano na Wamarekani walioletwa na Matthew Perry. Basi, tangu zamani zile njia mbili zilionekana: njia ya kitabu na njia ya kinywa.

II. Sababu gani njia ya kitabu ilishinda?

Kwanza, desturi ya mababu. Wajapani wenye elimu walikuwa wamezoea kusoma vitabu vya Kichina kwa namna yao: wanatazama neno la Kichina, wanalitia maana ya Kijapani, kisha wanapanga maneno upya kwa kufuata sarufi ya Kijapani. Kiingereza kilipofika, walikitendea vivyo hivyo. Njia hiyo inaitwa yakudoku, maana yake kusoma kwa kufasiri. Mwalimu anasoma sentensi, anaifasiri neno kwa neno, anaeleza sarufi, na maelezo yote ni ya Kijapani. Waliosoma Kilatini katika seminari watatambua mara moja kalasi ya namna hii.

Pili, walichohitaji ni elimu iliyomo vitabuni: uganga, sheria, kazi ya chuma na ya meli. Katika mwaka 1872 Mori Arinori, aliyekuwa balozi wa Japani huko Marekani, aliwaza hata kufanya Kiingereza kuwa lugha ya inchi yake. William Dwight Whitney, bingwa wa lugha wa Marekani, alipoulizwa shauri, alimjibu kwamba haifai watu kuiacha lugha yao wenyewe. Shauri la Mori halikufuatwa. Wajapani walifasiri vitabu, wakatunga maneno mapya kwa elimu mpya, na leo mtu anaweza kusoma tangu shule ya msingi mpaka kuwa mganga ao enjinia kwa Kijapani. Hilo ni jambo la heshima kubwa. Lakini lina matokeo yake: mtoto wa Japani hakihitaji Kiingereza sokoni, wala nyumbani, wala kazini kwa baba yake. Anakihitaji kwa mtihani.

III. Taabu ya lugha yenyewe

Kijapani na Kiingereza ni mbali sana. Mjapani anaweka tendo mwisho wa sentensi, kana kwamba tungesema: “Mimi kitabu nasoma.” Kwa kawaida jina halibadiliki likiwa moja ao mengi. Katika matamko sisi wenyewe tutawahurumia. Kijapani kina vokali tano kama Kiswahili, na karibu kila silabi inakwisha kwa vokali. Kama vile sisi tulivyoligeuza neno la Kifaransa “classe” kuwa kalasi, ndivyo wao wanavyoligeuza “milk” (maziwa) kuwa miruku, na “Christmas” kuwa kurisumasu. Tena hawatenganishi L na R. Maneno mawili ya Kiingereza, “light” na “right”, kwao yote ni raito. Na sisi tunao ndugu wengi ambao lugha ya mama yao haitenganishi sauti hizo mbili.

Taabu hiyo haimzuii mtu kusema. Inamzuia pale anapoogopa kucheka kwa wenzake. Mtoto akiwa katika kalasi kubwa, ambamo kosa ni haya, anaona afadhali kunyamaza.

IV. Bwana mtihani

Katika Japani mtoto wa miaka 15 hivi anafanya mtihani wa kuingia shule ya sekondari ya juu. Akiwa na miaka 18 anafanya mwingine wa kuingia chuo kikuu. Mitihani hiyo inaamua mengi ya maisha yake, hata wazazi wengi wanalipa masomo ya jioni, yaitwayo juku, kusudi mtoto asishindwe. Kwa miaka mingi mtihani wa Kiingereza ulikuwa kusoma, kufasiri na sarufi. Haukumwomba mtoto afungue kinywa.

Tukumbuke hayo tukitazama bidii ya Serkali. Katika mwaka 1922 ilimwita Harold Palmer, bingwa kutoka Uingereza, naye kwa miaka 14 alionyesha namna ya kufundisha kwa kusikia na kusema kwanza. Walimu wengi walimsifu, ila mtihani haukugeuka, na kalasi nyingi zilibaki katika yakudoku. Katika mwaka 1987 Serkali ilianza mpango unaoitwa JET wa kuwaita vijana wa inchi nyingine kuwasaidia walimu shuleni. Mwaka ule walikuja 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Siku hizi wanapita 5,000, nao wanatoka katika inchi nyingi. Watoto waliwafurahia. Lakini siku za mtihani zilipokaribia, mwalimu alirudi kwenye sarufi, na mgeni alikaa pembeni.

Mwishoni mtihani wenyewe ulianza kuguswa. Mwaka 2006 sehemu ya kusikiliza iliingizwa katika mtihani wa inchi nzima wa vyuo vikuu. Tangu mwaka 2021 kusoma kuna pointi 100 na kusikiliza 100. Katika shule za msingi, Kiingereza cha michezo na nyimbo kiliwekwa kwa kalasi ya tano na ya sita mwaka 2011. Tangu mwaka 2020 kinaanza katika kalasi ya tatu, na katika kalasi ya tano kinakuwa somo kamili. Walimu wa sekondari nao waliagizwa kufundisha Kiingereza kwa Kiingereza.

Ilibaki kusema. Serkali ilitaka kutumia mitihani ya mashirika ya nje kwa kupima wanaoingia vyuo vikuu. Watu walilalamika: mitihani hiyo inalipiwa, na vituo vyake viko katika miji, mtoto wa maskini ao wa kisiwa cha mbali atafanyaje? Mnamo Novemba 2019 Serkali iliuahirisha mpango huo, na mwaka 2021 iliuacha kabisa. Mji wa Tokyo, kwa upande wake, ulianza mwaka 2022 mtihani wa kusema kwa watoto wanaoingia sekondari za juu za Serkali: kila mtoto anasikiliza maulizo kwa mashine na kujibu kwa kinywa. Huko vilevile mabishano yalikuwa mengi.

V. Mafundisho kwetu

Twapata nini katika habari hizi? Tusiseme kwamba kitabu ni kibaya. Wakalimani wa Nagasaki walifaidika na MacDonald kwa sababu vitabu vilikuwa vimekwisha kuwapa maneno; yeye aliyatia sauti. Lakini tuone wazi kwamba lile tunalouliza siku ya mwisho ndilo linalofundishwa siku zote. Mwalimu mpya, kitabu kipya, michezo na nyimbo, vyote vinapita, ikiwa mtihani unabaki uleule.

Na sisi tuna siku yetu ya kuuliza: siku ya kuwapima wakatekumeni kabla ya ubatizo. Tukiuliza maneno ya katekismu tu, wakatekista watafundisha maneno tu, nao hawana kosa. Tumwulize mkatekumeni pia: “Jirani yako amefiwa, utamwambia nini juu ya ufufuko? Unasalije, ukiwa peke yako?” Tumpe nafasi ya kukosea bila haya. Tena tuangalie kipimo chetu kisimfunge mtu wa kijiji cha mbali, asiyejua kusoma, kwa sababu tu hakupata shule. Wakatekista wakijua kwamba tutauliza hivyo, watafundisha hivyo tangu siku ya kwanza.